Goti la Kushoto

Fundi alikuwa amechoka. Si ule uchovu wa kulala ukaamka mzima, la. Ni uchovu wa mtu wa miaka hamsini na mbili aliyeinama juu ya chuma tangu asubuhi, mgongo unalia, vidole vinanuka moshi wa kuchomelea, halafu jioni anavua ovaroli na kuvaa nguo nyeupe za karate ili akarushiwe ngumi na binti yake wa kumzaa. Nani alimtuma? Hakuna. Miaka minne nyuma alikuwa akimsindikiza tu binti mazoezini, anakaa kwenye benchi, anasinzia. Siku moja Sensei, mwalimu wao, akamwambia, "Mzee, badala ya kutukoromea hapo, si uingie?" Akaingia. Ndiyo hivyo, na hakutoka tena.

Sasa karate ina mambo yake. Mle ukumbini umri unauacha mlangoni pamoja na viatu. Mnapanga mstari kwa mikanda, na aliyekutangulia kwa mkanda ni senpai wako: unamwinamia na kumwitikia "osu," awe bosi wako, awe mtoto uliyembadilisha nepi. Binti alikuwa na mkanda wa kahawia. Fundi alikuwa na wa kijani, na ukiniuliza mimi, huo wa kijani walimpa kwa huruma. Miaka yote minne hakuwahi kumwita mwanawe senpai. Ilikuwa ikifika zamu ya kuitikia anakohoa kidogo, anasema "haya, mama," watu wanacheka, mambo yanaendelea.

Jumamosi hiyo binti alikuwa na mtihani wa mkanda mweusi. Mtihani una sehemu ya wawili wawili: anayeshambulia hutangaza kwanza pigo linakwenda wapi, "juu" au "kati," kisha anapiga kweli, na mwenzake anakinga. Kila mtahiniwa huja na mwenzi wake, na mwenzi wa binti alikuwa babake. Kwa miezi mitatu walikuwa wakijifua uani, kati ya tangi la maji na kamba ya nguo, hata Fundi akaanza kukinga ngumi usingizini na kumtia mkewe kiwiko.

Mambo yaliharibika Alhamisi. Sensei alikuwa na mafua, kwa hiyo binti ndiye aliyeongoza darasa. Akapita mstarini akirekebisha watu, akafika kwa babake, akatazama miguu.

"Goti la kushoto limelegea. Rudia."

Fundi akarudia.

"Bado. Rudia."

Akarudia tena. Mara nne, mara sita, jasho linamtiririka, mbele ya muuguzi, mbele ya dereva wa lori, mbele ya yule mama wa duka la dawa ambaye Fundi alikuwa amemtengenezea dirisha juzi tu. Mara ya tisa alisimama wima.

"Mimi nimekuzaa," akasema. "Sirudii kitu. Hiyo Jumamosi yako tafuta mtu mwingine."

Akatoka bila kuinama. Jamani! Kwa watu wa karate, kutoka bila kuinama ni sawa na kutema chakula mezani kwa watu. Binti akageukia darasa, akaendelea kuhesabu.

Ijumaa Fundi alikwenda kazini na hasira zake. Kulikuwa na geti la kumaliza. Ngao ya uso ilikuwa pale pale, imetundikwa msumarini, hatua tano tu. Akajiambia, nashikiza sehemu mbili tatu, nafumba jicho, yaishe. Hizo mbili tatu zikawa thelathini. Fundi mwenye miaka ishirini na saba kazini! Kosa ambalo yeye mwenyewe huwagombeza wenzake kila siku. Na mwanga wa kuchomelea una hila, haukuumizi pale pale. Unakuacha urudi nyumbani, ule, ujilaze, ujione mjanja.

Jumamosi asubuhi aliamka macho yamejaa mchanga. Mchanga hakuna, lakini nenda kamwambie hivyo mwenye macho hayo. Akiyafumba yanawaka, akiyafumbua yanamwaga machozi, na dirisha analiona kama doa jeupe tu. Mkewe akamwekea kitambaa cha maji baridi.

"Umeuangalia moto," mkewe akasema.

"Vumbi hilo."

"Vumbi! Miaka yote hiyo likuzoee, leo ndiyo likuvamie." Akakamua kitambaa. "Mwanao amekaa sebuleni tangu alfajiri, ameshavaa, mwenzi hana. Mimi simo."

Yeye ndiye aliyesema hayumo, na sauti yake ilikuwa imejaa chumba kizima.

Fundi akakaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa amechoka hadi kwenye mifupa. Amechoka na chuma, amechoka na kununa kwa siku mbili katika nyumba ya vyumba vitatu, amechoka na kuwa mkubwa saa zote, kazini mkubwa, nyumbani mkubwa, hata pale asipojua kitu mkubwa. Alitamani kulala tu. Akapapasa kitandani hadi akaipata ile suruali nyeupe.

"Twende, mama," alimwambia binti sebuleni.

"Macho yako yana nini?"

"Nimelala vibaya."

Njiani Fundi alitembea nyuma ya binti nusu hatua, akifuata weupe wa nguo zake.

Ukumbi ulikuwa umejaa wazazi na wanafunzi wa vilabu vingine, na taa zote, sijui kwa nini, mchana kweupe, zilikuwa zimewashwa. Kila taa ilimchoma Fundi sindano. Watahini watatu walikaa nyuma ya meza, na mkubwa wao alikuwa mama mmoja mwenye mvi, mkavu, asiyetabasamu. Binti alifanya sehemu ya peke yake vizuri mno. Fundi alijua kwa kusikia tu nyayo. Kisha wakaitwa wawili.

"Kati," binti akasema kwa sauti ya chini, kama walivyozoea uani, akaja. Fundi alichelewa. Ngumi ikapunguza mwendo yenyewe, ikamgusa kifuani kama mtu anayebisha hodi.

"Baba, huoni," binti akanong'ona.

"Naona. Piga."

"Juu," binti akasema, na safari hii akaileta ngumi polepole kabisa. Hata kuku angeikwepa. Yule mama mwenye mvi akagonga meza.

"Mtahiniwa! Hapa hatubembelezani. Pigo moja zaidi la namna hiyo, funga mzigo, urudi mwakani."

Fundi alimjua mwanawe. Asingempiga baba asiyeona, hata huo mkanda ungekuwa wa dhahabu. Angeshusha mikono, angeinama, angerudi nyumbani bila lawama, na ingekuwa mwaka mzima wa jioni zake umekwenda kwa sababu ya mtu mmoja mwenye kiburi na ngao iliyobaki msumarini. Aibu ilimpanda Fundi hadi masikioni. Akaunganisha visigino, akainama, akaenda chini hadi mgongo ukalia.

"Senpai," akasema, kwa sauti ya karakana iliyozoea kushindana na mashine. "Sioni. Jana nilichomelea bila ngao, kwa hasira zangu mwenyewe. Tangaza kwa nguvu, halafu piga kweli. Nitakinga."

Kule mezani wakateta kidogo.

"Sheria inataka atangaze," yule mama mwenye mvi akasema hatimaye. "Ukubwa wa sauti haujaandikwa. Endeleeni."

Binti akajipanga upya.

"Osu," akasema.

Fundi akafumba macho moja kwa moja. Afadhali giza kuliko zile sindano.

"Juu!"

Mkono wake ukapanda wenyewe. Mfupa ukakutana na mfupa, na maumivu yakampanda hadi begani.

"Kati!"

Akakinga.

"Juu! Kati!"

Binti hakuwa anabembeleza tena. Alikuwa anapiga kama mtu aliyeitunza ngumi hiyo tangu Alhamisi, na huenda kweli aliitunza. La mwisho lilikuja kati, zito, lile ambalo uani lilikuwa likimsukuma Fundi hadi kwenye tangi la maji kila mara. Akashusha uzito wake, akakunja goti la kushoto, akalikunja sawasawa. Hakusogea hata kidole.

Wakati wa kuinamia watahini aliinamia ukuta. Watu wakaangua kicheko. Binti akamshika mabega, akamgeuza taratibu, wakainama pamoja.

Kufungwa mkanda hakukuona. Alisikia tu kitambaa kipya kikikazwa, na makofi, na mkewe kule nyuma akipiga kigelegele, yule aliyesema hayumo.

Mlangoni alipapasa viatu.

"Nani kahamisha viatu vyangu?"

"Tulia, Baba." Binti akachuchumaa, akamvalisha kimoja, kisha cha pili.

"Lile goti la Alhamisi," Fundi akasema, "lilikuwa limelegea kweli."

"Najua."

"Na mimi nilijua. Uliposema mara ya kwanza, mama. Si ya tisa. Ya kwanza."

Binti aliendelea kufunga kamba, akazifunga muda mrefu kuliko kamba zinavyohitaji. Tone likamdondokea Fundi juu ya mguu. Machozi yake mwenyewe yalikuwa yakimwagika mashavuni tangu asubuhi, lakini hilo halikutoka kwake.

"Nimechoka, Senpai," akasema.

"Twende ukalale. Jumanne tunalirudia."

"Mara ngapi?"

"Mpaka likae."

"Osu."

Akamshika binti kiwiko, wakatoka nje kwenye jua.

"Ngazi tatu!" binti akatangaza, kwa nguvu, watu wote wakageuka.