Kadi Isiyosahau

Mimi Pastory sina subira, kila mtu Karagwe anajua. Lakini asubuhi ile ya Desemba 1996, pale ofisini kwetu kwenye kambi ya wakimbizi, hata malaika angepandisha hasira.

Diski ya kompyuta ilikuwa imekufa. Humo ndimo tulimoweka orodha ya watoto waliopotezana na wazazi wao: jina la mtoto, na kaya inayomlea. Makaratasi yalishaoza tangu upepo ulipoezua hema letu wakati wa masika. Kilichobaki ni kadi moja ya kumbukumbu, yenye kibetri chake, inayoshika maandishi hata umeme ukikatika. Nakala ya orodha ilikuwa kwenye kadi hiyo.

Na mbele yangu amekaa Speciose, mama aliyekuja kwa miguu kutoka kambi nyingine. Saa sita lori lake linaondoka kumrudisha Rwanda. Binti yake Laurensia, miaka mitano, yumo kwenye orodha. Yuko kaya gani, hakuna aliyekumbuka.

"Baba, nikivuka mpaka bila yeye, nitampata wapi tena?"

"Mama, niache nifanye kazi!" nilifoka. Kisha nikaona aibu, maana alikuwa hajanikosea kitu.

Diski mpya nilikuwa nayo. Kiini cha mfumo, yaani ile programu inayoamka kwanza na kugawa kumbukumbu, kilishaingia. Ila hakikuijua kadi. Ilibidi nikiandikie maelezo: kadi inaanzia nafasi gani ya kumbukumbu, ina vipande vingapi, na neno la tatu lililo kubwa kuliko yote, usifute. Bila neno hilo kiini huichukulia kadi kama kumbukumbu ya kawaida, huisafisha kinapoamka, kama mama anavyosuuza sufuria kabla ya kupika.

Karatasi ya maelekezo ya kadi ilionyesha alama saba, toka mwanzo hadi mwisho. Nikaandika vipande saba, nikawasha. Kioo kikasema maeneo mawili yanagongana, kikaganda.

"Mashine gani hii, lo!"

Nikazima, nikawasha. Vilevile. Saa tano na nusu ikapita. Jasho likanitoka. Nikaiamsha kwa disketi ya matengenezo, ambayo haiwezi kusoma kadi wala kuigusa, nikayafungua tena maelezo yangu. Nikajiambia, kinachogomesha ni hilo neno usifute. Nikaliondoa, nikazima. Kidole kikarudi kwenye swichi.

"Ondoa mkono, kaka Pastory!"

Alikuwa Dafroza, karani wetu, ameinamia ile karatasi. "Hizi alama saba ndizo vipande?"

"Ni mipaka ya vipande. Wewe unataka nini?"

"Kwetu Nyakahanga tukipima kibanja tunahesabu mulamula, ile miti ya mpakani. Miti saba, kati yake kuna nafasi sita. Baba ameamua ugomvi wa mashamba mara tatu kwa kosa hilihili."

Nilitaka kumjibu vibaya. Nikahesabu kwa kidole. Sita. Mungu wangu! Mimi Mnyambo, nimekulia migombani, nimehesabu miti nikaiita shamba. Kipande cha saba kilikuwa makao ya kiini chenyewe, ndiyo maana kiligoma. Na mimi, kwa hasira zangu, nilikuwa nimebakiza kubonyeza swichi tu nifute watoto mia nne. Nikauondoa mkono kwenye swichi. Nikakaa.

"Dafroza, dada yangu, Mungu akupe maisha marefu."

"Acha maneno. Andika sita, rudisha usifute."

Nikarudi kwa disketi, nikaandika, naye akanisomea neno kwa neno. Nikawasha. Kisha majina yakaanza kushuka kwenye kioo, moja baada ya jingine, yote. Nikashusha pumzi hadi mabega yakalegea. Dafroza akapiga kigelegele ofisini, na mimi sikumkanya.

Laurensia alikuwa kijijini Nyakakika, akilelewa na Auleria, mke wa Rwezaura. Nikamwambia Speciose gari letu linaondoka sasa hivi, na nitawaombea nafasi wote wawili kwenye lori la kesho. Nadhani aliogopa kuamini.

"Lakini kuna Laurensia wengi," alinong'ona.

Chini ya jina palikuwa na mstari wa alama za kumtambua mtoto. Nikamsomea: "Hakubali kubebwa. Anasema ana miguu yake."

Speciose akacheka, akajishika mbavu, machozi yakimdondoka.

"Ni yeye," alisema, ameshasimama. "Ni yeye kabisa. Twendeni."