Maji ya Harusi ya Hemalatha

Mwaka aliochumbiwa Hemalatha, binti wa kaka yangu tunayemwita Hema, ndio mwaka ambao ziwa letu lilishika moto. Nimesema ziwa, sijakosea. Zimamoto walikuja na magari yaliyojaa maji ili kuyazima maji, na Basavaraju wa kibanda cha tambuu, mtu ambaye hajawahi kuona msiba asiutanie, akawapokea kwa mikono miwili.

"Karibuni Muddanakere," akawaambia. "Leo maji yanaungua. Mkija kesho mtakuta mawe yanachemka."

Sisi tumezoea. Mvua za kwanza zikigonga, povu la maji machafu ya jiji hupanda ziwani, likavuka ukuta na kuja kutembea barabarani, na madereva wa bajaji wakakuuliza unataka kupita hivi hivi au pamoja na kuoshwa. Vikuku vyetu vya fedha hugeuka vyeusi ndani ya kabati kwa ile hewa. Tunavisugua kwa jivu, vinageuka tena. Ng'ambo ya ziwa wamejenga maghorofa wakayaita Pepo ya Ziwani, na kwenye bango la getini wamechora mabata meupe yanaogelea. Mabata yenyewe hatujayaona. Nadhani yalikuja, yakanusa, yakaghairi. Waliohamia huko walichagua madirisha yanayotazama ziwa, na hawayafungui.

Nacheka, lakini sikufichi, inaniuma. Humo ndimo nilimojifunza kuogelea. Baba yangu ndiye aliyekuwa akifungua mlango wa maji yaende mashambani, enzi ambazo jiji la Bengaluru lilikuwa bado halijatufikia na mashamba yalikuwepo. Na mama yangu, Akkayamma, ambaye mtaa mzima unamwita Bibi, alichota humo maji ya kupikia ugali wa ulezi tuliokulia.

Sasa, kwetu hakuna harusi bila maji ya ziwa. Asubuhi ya harusi wanawake wenye waume hai huteremka kwenye ngazi za mawe na chungu kitupu. Humpa Gangamma, mama wa maji, manjano, bangili, tambuu na asumini, humwomba maji, kisha hurudi na chungu kimejaa. Maji hayo ndiyo wanayomwagiwa bibi na bwana harusi. Kwenda, chungu hubebwa na mkubwa wa nyumba. Kurudi, hubebwa na shangazi wa bibi harusi, yaani mimi, Jayamma. Haki ya mkubwa ilikuwa ya Bibi, maana Baba alikuwa bado hai, ingawa kwa upande wa masikio alishatangulia.

Lakini Bibi alikuwa hajalitia ziwa machoni miaka mingi, tangu magoti yake yalipogoma. Harufu ikimfikia barazani, tulimwambia kuna mtaro unatengenezwa.

"Mtaro gani huo usiokwisha kutengenezwa?" aliuliza mara moja.

"Serikali, Mama," kaka yangu Chennappa akajibu, na Bibi akaridhika. Au ndivyo tulivyodhani.

Tatizo lilianza siku ya uchumba. Mama wa bwana harusi, Sharadamma, alitoka kwao Shivamogga, penye mto Tunga ambao ukisimama ndani yake unaona kucha za miguu yako. Alipita kando ya ziwa letu na leso puani, akafika kwetu macho yanamtoka machozi, na si ya furaha.

"Kwetu kuna msemo wa mito miwili," akasema. "Oga Ganga, kunywa Tunga."

"Na Muddanakere pita mbio," akamalizia Basavaraju, aliyekuwa ameleta tambuu za wageni.

Tulicheka wote, na Sharadamma naye. Kisha mtu mmoja mwenye mdomo mwepesi akamweleza habari ya chungu, na kicheko kikamkauka. Akanivuta pembeni.

"Jayamma, dada yangu, nakwambia mapema kama mtu mzima mwenzangu. Hema nimempenda. Lakini tone moja la maji yale likimgusa mwanangu, nampandisha basi tunarudi. Mke mwingine anaweza kupata. Ngozi nyingine ataipata wapi?"

Alikuwa na haki. Jioni nikamwendea Bibi kwa upole, nikamdokezea kwamba siku hizi watu wengi wanatumia maji ya bomba.

"Watumie," Bibi akasema. "Bila maji ya ziwa mimi sikanyagi ukumbini. Mtaozeshwa na bomba, na baraka mtapewa na bomba."

Katikati ya hao wawili alikuwa Hema. Mama yake alifariki yeye akiwa bado anatambaa, na Bibi ndiye aliyemlea. Alimwogesha, alimsuka, alimpeleka shule kwa mkono. Nilipomweleza jinsi mambo yalivyokaa, alinitazama akatabasamu.

"Shangazi, Bibi asiponiwekea mkono kichwani, mimi siolewi. Nitakaa hapa hapa niwasugulie vikuku."

Alisema kwa utani. Kisha akaingia bafuni, akafungua bomba akaliacha limwagike ovyo, maji ya kununua kwa lori, katika nyumba ambamo tunaosha vyombo kwa kikombe kimoja cha maji. Nikajua anatuzuia tusimsikie akilia.

Hapo ndipo Chennappa alipopata wazo lake, na mawazo ya kaka yangu yote ni hivyo, mazuri mpaka yanapofika mlangoni. Tutakijaza chungu nyumbani, akasema, kwa maji safi ya lori. Tutakifunika kwa majani ya mwembe na nazi juu yake. Tutakwenda ziwani, tutaimba, tutainama, tutarudi. Macho ya Bibi yana ukungu, ataona nini? Sharadamma atajua maji ni safi, Bibi atajua ni ya ziwa, na Hema ataolewa.

"Na kukibeba kwenda?" nikamuuliza. "Kinatakiwa kiwe kitupu."

"Utabeba wewe. Kwa magoti yale Bibi atabeba nini? Atashukuru akifika."

Asubuhi ya harusi Bibi alitoka chumbani amevaa sari ya hariri ya kijani, ile aliyoolewa nayo. Asumini kichwani, manjano mashavuni, fimbo ameiacha kitandani.

"Chungu kiko wapi?"

"Mama, magoti yako," nikaanza.

"Magoti ni yangu. Nimeuliza chungu."

Akakishika kwa mikono miwili, akakiinua. Niliona mikono yake ikishuka kwa ule uzito. Niliona kidole chake kikipenya chini ya majani ya mwembe, kikatoka kimelowa. Chennappa akatazama juu kama mtu anayekagua mawingu. Mimi nikajisemea basi, harusi imekwisha hapa hapa uani.

Bibi akakiweka chungu kiunoni, akatoka.

Tulimfuata na ngoma na zumari. Hema alitembea nyuma yake, macho chini. Pembeni yangu alikuwa Sharadamma, leso puani, na kwapani chupa yake ya maji. Chupa ile alikuja nayo kutoka Shivamogga na alikuwa haiachi hata akilala, kwa kutuogopa. Tulipopita kibandani, Basavaraju akasimama.

"Bibi! Povu lote lile, unakwenda kufua?"

"Nakwenda kuuliza kama ni kweli mama yako alikuokota humo," Bibi akamjibu bila kugeuka. "Sura inafanana."

Basi watu wakacheka, tukafika ngazini tukiwa bado tunacheka. Pale Bibi alikuwa amesimama.

Povu lilikuwa limefunika kila kitu, jeupe, limejaa hadi karibu na miguu yetu, linatikisika polepole kwa upepo. Kwa mbali lilikuwa hata zuri. Harufu ndiyo iliyokuwa haifichiki.

"Jayamma," Bibi akasema. "Ngazi za chini ziko wapi?"

"Ziko chini ya povu, Mama."

"Na lile jiwe la kufulia?"

"Lipo huko huko."

"Na mayungiyungi?"

Mimi ni mkavu wa machozi, hata kwenye harusi yangu sikulia, lakini pale yalinitoka na sikuyafuta. Bibi akainama taratibu, goti moja kisha jingine, akaviweka pale juu manjano, bangili, tambuu na asumini. Akaunganisha viganja, akasali kwa sauti ya ndani. Kisha akayaondoa majani ya mwembe, akanipa nazi, akakiinamisha chungu, na maji yote akayamwaga ziwani.

Povu likafunguka pale maji yalipoangukia. Tukaona weusi wa chini, kisha likajifunga tena.

"Mama!" Chennappa akapiga kelele. "Hayo ndiyo maji ya harusi!"

Ndivyo kaka yangu alivyoitoboa siri yake mwenyewe, mbele ya wakwe.

"Najua," Bibi akasema. "Nimebeba vyungu tangu wewe hujaota meno. Chungu kitupu hakinivunji kiuno. Na mtaro wenu nimeunusa miaka yote, pua yangu haina ukungu. Nilijua ziwa linaumwa, mwanangu. Sikujua kama limelala kitandani."

Hakupandisha sauti. Alikuwa bado amepiga magoti, anatazama pale maji yalipozama.

"Mgonjwa haombwi maji," akasema. "Mgonjwa hupelekewa."

Bibi akamgeukia Sharadamma.

"Mkwe, nimesikia hukutaka maji haya yamguse mwanao. Sikulaumu. Hata mbwa wa Basavaraju nisingemwogesha humu."

"Alishaoga, Bibi," Basavaraju akasema kutoka nyuma, maana alikuwa ametufuata. "Ndiyo maana hana manyoya."

Hakuna aliyejua kama inafaa kucheka. Bibi ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akashika kifua, halafu akanyoosha mkono wake, bado umelowa maji ya chungu, akamwita Hema. Hema akapiga magoti kwenye ngazi na sari yake nyekundu, bila kujali povu wala uchafu, na Bibi akamwekea mkono kichwani. Aliuacha pale kwa muda mrefu. Maji yalimchuruzika Hema usoni na hakuna aliyeweza kusema yapi ni ya chungu.

"Haya," Bibi akasema. "Umepata. Niinueni."

Tukamwinua. Akanikabidhi chungu. Kilikuwa chepesi, na wepesi ule ukanitia hofu.

"Mama, nirudi na chungu kitupu siku ya harusi? Mtaa utasema nini?"

"Utasema Akkayamma amezeeka. Beba."

"Subiri," akasema Sharadamma.

Leso ilikuwa imemwanguka na hakuiokota. Akateremka mpaka pale Bibi alipokuwa, akaifungua ile chupa yake. Nilidhani anataka kunywa, nikasema moyoni, mwanamke huyu ana kiu za ajabu. Lakini aliinama, akaimimina ziwani, polepole, kama mtu anayemnywesha mtoto mwenye homa. Ilipofika nusu akaisimamisha. Akaja kwangu, na nusu iliyobaki akaimimina chunguni.

"Ni ya Tunga," akasema. "Nusu ya mgonjwa. Nusu ya watoto."

Nilikibeba chungu kile kurudi nyumbani na nusu chupa ya maji ndani yake, na sijawahi kubeba kitu kwa uangalifu namna ile. Chennappa alitembea nyuma kabisa na watu wa ngoma.

Bibi alishatutoka. Hema ana watoto, na kila akija kujifungua kwetu anakuja na maji ya Tunga, mama mkwe wake humfungashia mwenyewe. Na mtaani kwetu desturi imekaa hivyo: asubuhi ya harusi wanawake wanateremka na vyungu vimejaa, wanarudi na vitupu, kisha wanachota pale wanapopata. Hakuna aliyepitisha azimio. Nyumba moja ilifanya, nyingine ikaona aibu kutofanya.

Juzi, kwenye harusi ya binti wa Basavaraju, mama mmoja wa yale maghorofa ya ng'ambo alikuwa amesimama ukutani anatutazama, leso puani. Akaniita.

"Samahani, dada. Nilisoma kwamba huku chungu huenda kitupu na kurudi kimejaa. Ninyi hamjageuza?"

"Tumegeuza," nikamwambia. "Siku likipona tutageuza tena."

Akalitazama ziwa, nadhani kwa mara ya kwanza bila kioo katikati. Halafu akaniuliza harusi nyingine ni lini, na kama kwa asiye na chungu, ndoo inaruhusiwa.