Gredi ya Mideva

Fomu ya kazi ya shule iliuliza swali moja tu la maana: piano, gredi gani? Mke wangu Mideva akakaa na kalamu mdomoni. Miaka kumi na moja anapiga kibodi kanisani kwetu Kibera, na hakuna mtu amewahi kumuuliza hilo. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuwachezea watoto nyimbo, shule moja huko Riruta, na aliitaka mpaka akashindwa kula.

Mimi Shiundu, fundi wa sofa hapa Kawangware, sipendi mtu wangu adharauliwe na karatasi. Nikatoa simu, nikasaka. Wee! Waingereza wanapanda mpaka nane. Wakanada mpaka kumi. Wamarekani, kila mwalimu na yake.

"Huo mkono wa kushoto peke yake ni nane," nikamwambia.

"Na kusoma nota?"

"Hiyo ruka. Andika saba."

"Baba Trizah, saba ya nchi gani?"

"Ya Uingereza! Kwani walitutawala bure?"

Akacheka, akaandika.

Siku ya intavyuu nilimsindikiza, nikasimama dirishani. Madam Wangoi, mwalimu wa muziki, akaingiza watoto, wakaanza kuimba juu sana. Mideva akanyoosha kidole kutafuta batani. Kanisani akina mama wakianza juu, yeye hubonyeza batani, kibodi inapanda yenyewe, vidole vyake vinabaki palepale kwenye C. Sasa piano ya mbao ina batani wapi? Akapapasa ubao mara mbili.

"Madam," akasema, "mimi najua kii moja tu, hii ya C. Hiyo saba ni uongo."

"Uongo ni wangu!" nikadakia pale dirishani. Watoto wakaangua kicheko.

Mideva akawageukia. "Haya, wazuri wangu, shukeni mnifuate." Akawapa sauti ya C, wakashuka wote, hata yule wa nyuma aliyekuwa akichokora pua. Wakaimba mpaka Madam Wangoi akaanza kupiga makofi.

"Kuwachezea watoto, kazi ni yako," akasema. "Lakini piano, mama, nchi yoyote utakayoenda wewe ni gredi ya kwanza. Jumanne utakaa darasani na hawa."

Basi kila Jumanne mke wangu, miaka arobaini na mbili, anakaa kwenye kiti kifupi katikati ya watoto wa miaka sita. Jana alitoka mbio hadi getini.

"Shiundu! Nimepasi skeli ya G! Sasa nina kii mbili!"

Nililia mbele ya soja wa geti, na sioni haya.