Hereni za Mzambarau

Kokushubila alikuwa na sharti moja katika kazi yake, na wateja walimpendea sharti hilo: hagusi mti ulio hai. Hereni, vidani na bangili zake zilitoka kwenye vifuu vya nazi vilivyotupwa, mbegu alizookota, pembe ambazo machinjioni zilikuwa taka, na miti iliyoangushwa na upepo. Kila pambo alilifungia kikaratasi cha kueleza lilikotoka, kwa mwandiko wa mtu aliyeandika ubaoni miaka ishirini na sita. Alipostaafu ualimu alijijengea banda uani kwake Madale, na mpaka leo majirani humwita Mwalimu.

Mwezi wa tano, mvua kubwa zilipopungua, Edgar, kijana aliyekuwa anajenga juu kidogo ya kilima, alimletea gogo la mzambarau kwa mkokoteni.

"Upepo umeuangusha, Mwalimu. Nikaona kuliko kuuchoma, bora nikuletee wewe."

Koku akalizunguka gogo. Ncha yake moja ilikuwa bapa, imenyooka, na alama za msumeno zilionekana waziwazi. Aliziona. Lakini moyo wa mti ule ulikuwa na wekundu ulioiva hadi kukaribia weusi, na mistari myembamba kama nywele. Hakuwahi kuona mti mzuri hivyo. Akajiambia, huenda waliukata ukiwa tayari chini. Kwenye vikaratasi akaandika: mzambarau ulioanguka wenyewe.

Zilitoka jozi saba za hereni, zote akazipeleka kwa Ummehani, mwenye duka la zawadi Mwenge. Jozi moja Ummehani aliivaa palepale, nyingine aliinunua mama mmoja mgeni aliyekuwa anarudi kwao Ulaya.

Wiki haikuisha, Ummehani akafika Madale mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Hereni alizifunga kwenye leso.

"Koku, mie si mtu wa kuogopaogopa, unanijua. Lakini hizi sizitaki dukani."

"Zimekuwasha?"

"Zinaongea."

Koku akacheka. Mwenzake hakucheka.

"Saa sita mchana, duka limejaa watu, namsikia mtoto nyuma ya shingo yangu. Nageuka, hakuna mtoto. Navua hereni, kimya. Navaa, huyo hapo."

"Anasema nini?"

"Anauliza tu. 'Mama, mti uko wapi?' Tena kwa adabu."

Koku alimsindikiza hadi kwenye gari, akamshauri akapime presha. Lakini siku ya tatu ujumbe ukaingia kwenye simu yake. Yule mama wa Ulaya alikuwa ameikuta namba kwenye kikaratasi. Alishukuru kwa hereni, kisha akaomba msaada mdogo. Hajui Kiswahili, alisema, ila kuna maneno anayasikia tangu afike nyumbani, na ameyaandika jinsi anavyoyasikia: *mama miti uko wapi*. Yana maana gani?

Koku akaiweka simu chini taratibu. Alasiri ilikuwa na jua kali, kuku wanaparura uani. Alifungua ile leso, akavaa hereni. Mwanzoni alisikia mapigo ya moyo wake tu. Kisha, karibu kabisa, kama mtoto aliyesimama kwa vidole ili afikie sikio la mtu mzima:

"Mama, mti uko wapi?"

"Subiri, mwanangu," Koku akajibu. Lilimtoka lenyewe, kwa mazoea ya darasani.

Na mtoto akasubiri. Ule haukuwa ukimya mtupu. Ulikuwa ukimya wa mtu aliyeambiwa asubiri.

Alipanda kilima hivyohivyo, hereni masikioni, akamkuta Edgar anasimamia mafundi kwenye msingi.

"Edgar, ule mti uliukata."

Kijana akatazama chini. "Chini yake kulikuwa na kaburi la mtoto. Aliyeniuzia kiwanja aliniambia. Mama yake hakuwa na uwezo wa kujengea, akapanda mzambarau uwe alama. Nikaambiwa ni bibi sasa, yupo Gongo la Mboto, hatakuja tena."

"Kaburi lenyewe liko upande gani?"

"Ndiyo ishu, Mwalimu. Nilipitisha greda. Hata mie sijui." Akainua macho. "Lakini na wewe uliiona alama ya msumeno. Nilikuona ulivyoiona."



Kesho yake walikwenda wote wawili Gongo la Mboto, wakaulizia hadi wakampata. Bi Hija alikuwa kizingitini anachambua mchele, fimbo pembeni yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Karibuni."

Walimweleza kila kitu, bila kuficha. Alisikiliza akiendelea kuchambua, kisha akanyoosha kiganja. Koku akavua hereni, akampa. Matundu ya masikio ya bibi yalikuwa yamelegea kwa uzee, hereni ziliingia bila taabu. Bi Hija akafumba macho. Hakushtuka hata kidogo.

"Nipo, Sadallah," alisema. "Nipo, baba. Miguu ndiyo ilikuwa haitaki."

Kisha akawageukia, na sauti iliyowauliza ilikuwa nyembamba kuliko yake:

"Mti uko wapi?"

Edgar akapiga magoti, akaanza kulia.

Siku hiyohiyo walimleta Madale kwa teksi. Bi Hija aliingia kiwanjani na fimbo yake, kichwa kimeinama upande kama anayesikiliza mtu mfupi. Akaenda kushoto, akarudi, akaruka mtaro wa msingi kwa wepesi ambao fimbo ile haikuutarajia. Alisimama kwenye kona iliyopangwa kuwa chumba cha kulala.

"Hapa. Anasema mnamkanyaga."

Mafundi wakaweka sepetu chini, mmoja baada ya mwingine, wakatoka nje ya msingi bila kuambiwa.

Nyumba ilisogezwa. Msingi ule ulifukiwa, na Koku akachimba shimo la mche wa mzambarau kwa mikono yake. Hereni zikakusanywa, hata zile za Ulaya zikarudi kwa posta. Koku alitaka zizikwe, Bi Hija akakataa.

"Zikizikwa, mie nitamsikia kwa kipi?"

Kwa hiyo zote zipo kwake, kwenye kikopo cha maziwa, isipokuwa jozi anayoivaa. Kila Ijumaa Koku humpelekea ndizi na kukaa naye hadi alasiri. Mara nyingine, katikati ya maneno, bibi huinua kidole, husikiliza, kisha hucheka kwa jambo ambalo hamwelezi mtu. Koku huinamia kikombe chake cha chai, akanywa polepole, mpaka wao wawili wamalize.