Vyumba Viwili vya Miche

Kwa miaka kumi na saba kaka na dada walifanya kazi chini ya paa moja, na hakuna aliyewahi kuwasikia wakipandishiana sauti. Dada, ambaye pale kazini kila mtu alimwita Mama Miche, alikuwa mkuu wa kitalu cha ndani. Kilikuwa ghala kuukuu lisilo na dirisha, limegawanywa vyumba, na humo miche ya nyanya na pilipili hoho ililelewa kwa taa mpaka ikafikia kimo cha kuuzwa kwa wakulima. Kaka yake ndiye aliyekuwa fundi wa taa hizo.

Zilikuwa taa za sodiamu, nzito kama masufuria, zenye mwanga wa njano uliomfanya hata mtu mwenye afya yake aonekane kama ametoka wodini. Zilivuma mchana kutwa. Zilitoa joto la kumtoa mtu jasho hadi kwenye soksi. Kila wiki taa moja ilikufa, na fundi alizijua tabia zake kama mtu anavyowajua wakwe zake. Alipita katikati ya trei akitega sikio, kisha akasema, "Ile ya tatu haifiki Ijumaa." Na kweli haikufika.

Baba yao alipofariki, ni huyu kaka aliyelipa ada ya chuo cha kilimo kwa mshahara wa kubadilisha balbu, na dada alipohitimu ni yeye aliyemwombea kazi. Hakuwahi kumsimanga kwa hilo, hata kwa utani.

Akaja meneja mpya. Siku ya tatu alimwita Mama Miche ofisini, akaisukuma bili ya umeme mezani kwa ncha ya kidole, utadhani ni panya aliyekufa.

"Hizi taa zenu zinatunywa damu, mama. Nimeagiza taa nane za LED, za maana. Chukua vyumba viwili vinavyolingana, kimoja ufunge hizi, kingine ubaki na za zamani. Nakupa siku arobaini. Uniambie zipi zinatulipa. Nataka tarakimu, sitaki hadithi."

"Na kuzifunga?"

"Si tuna fundi?"

Basi fundi akazifunga mwenyewe. Alipanda ngazi, akapima kwa futi kamba kutoka kwenye trei hadi kwenye taa, akarudia kupima, akaziweka sawia zote nane. Aliposhuka alisimama chini ya ule mwanga mweupe akatega sikio kama kawaida yake. Hakusikia kitu.

"Hazisemi," alimwambia dada yake.

"Ndiyo uzuri wake, kaka."

"Haya," akasema, akakunja ngazi.

Mama Miche hakuwa mtu wa kazi ya kulipua. Alipanda mbegu za mfuko mmoja vyumba vyote viwili, akawasha taa saa kumi na sita kwa siku, akasoma mita kila asubuhi kabla hata ya kuvua kitenge chake begani. Siku kumi za kwanza LED zilimtia aibu. Chumba kilikuwa baridi, pilipili hoho zikachelewa kuota kwa siku nne. Nyanya nazo alizimwagilia kwa mazoea ya chumba cha joto, udongo ukakaa na maji, miche ikaanza kuoza shingoni na kulala. Akapunguza maji. Akaleta kipasha joto kidogo, na umeme wake akauandika vilevile upande wa LED, bila kuuficha.

Baada ya hapo mambo yaligeuka. Miche ya chumba cheupe ikanenepa shina, majani yakawa ya kijani kilichokolea. Mita ya chumba cha zamani ilikula uniti themanini na nne kwa siku. Ya LED, pamoja na kile kipasha joto, haikuzidi arobaini. Na bado hajahesabu feni zilizozunguka kutwa kufukuza joto la taa za zamani, wala balbu zake za kubadilisha kila mwaka. Kweli, LED moja ilinunuliwa kwa bei ya taa nne za zamani. Lakini hata akipiga hesabu kwa ubahili, aliona zingerudisha gharama yake kwa mwaka mmoja na nusu hivi, na baada ya hapo ni nafuu tupu kwa miaka.

Siku ya ishirini na tano, saa ya chakula, kaka yake alimfuata chumba cheupe akarudisha mlango.

"Nimeona daftari lako," alisema. "Ulikuwa umeliacha wazi."

Mama Miche aliinamia trei, akagusa udongo.

"Taa hizi zikija zote, mimi nitafanya nini hapa? Zinakaa miaka bila kuguswa. Nina miaka hamsini na mbili. Nani ataniajiri, na macho yenyewe haya?" Akashika mnyororo uliobeba taa. "Sikwambii useme uongo. Ziinue tu, futi moja na nusu. Miche itarefuka yenyewe, itakonda, wewe utaandika ulichokiona. Nani atajua?"

"Mimi nitajua, kaka."

"Wewe ni dada yangu."

Alipoondoka, Mama Miche alibaki ameshika ule mnyororo. Akavuta pingili moja, mbili, tatu, taa ikapanda. Aliitazama ile miche, imekaa mguu sawa kwenye trei, haina habari. Kisha akairudisha taa palepale ilipokuwa, akatoka kwenda kunawa uso.

Ripoti aliiandika kweli tupu, kurasa nne. Lakini katika ukurasa wa mwisho alitia aya ambayo meneja hakuwa ameiomba. Alieleza kwamba taa hizi nazo zina vifaa vinavyoungua, zinataka kufutwa vumbi, kupimwa mwanga na kushushwa au kupandishwa kila miche inapokua. Kwa hiyo fundi aliyepo abaki, apelekwe mafunzo ya wiki mbili. Alionyesha na gharama ya mafunzo hayo. Hata ukiijumlisha, LED bado zilishinda.

Wiki iliyofuata wafanyakazi wote waliitwa kwenye ukumbi wa kufungia mizigo. Meneja alisimama na ripoti mkononi.

"Haya si maneno yangu," alisema. "Ni ya mtaalamu wetu wenyewe, Mama Miche. Tumpigie makofi." Yakapigwa. Akasoma uniti, akasoma feni, akasoma balbu. Akafika ukurasa wa nne. "Kwa hiyo, kwa ushauri wake, tunabadilisha taa zote, na nafasi ya fundi wa taa haitahitajika tena."

Mama Miche alikuwa amekaa mstari wa mbele. Alifungua mdomo, akamwona meneja anamtabasamia, akaona watu wanamtazama, akawaza mkopo wa nyumba na mtoto aliyeko kidato cha nne. Akaufunga mdomo. Alipogeuka nyuma, kaka yake alikuwa amekwishatoka.

Kesho yake fundi aliondoka na sanduku lake la vifaa. Hakuaga.

Taa zilipofika, Mama Miche alikata utepe wa boksi la kwanza akaona mambo yameharibika. Umbo lilikuwa lilelile, rangi ileile, lakini taa ukiinyanyua ilikuwa nyepesi kama sahani ya plastiki. Akakimbilia ofisini.

"Hizi sizo nilizozijaribu."

"LED ni LED, mama. Tumepata kwa nusu bei."

"Mwanga wake ni nusu vilevile! Tarakimu zangu ni za taa zile, si za hizi."

"Ripoti umeandika LED," alisema meneja, akarudi kwenye simu yake.

Baada ya wiki tatu miche ilikuwa mirefu, myembamba, rangi ya maji ya mchele, imeegemeana kama walevi. Wakulima walirudisha trei mia mbili na kitu. Nyingine hawakuzirudisha, walizimwaga getini. Mama Miche akapokea barua ya onyo, yenye maneno "kwa kuzingatia ushauri wako wa kitaalamu".

Jumapili alikwenda kwa kaka yake. Wifi yake alimfungulia mlango.

"Yupo," alisema. "Kama yupo kwa ajili yako, hilo sijui."

Fundi alikuwa barazani, amezungukwa na pasi na feni za majirani. Hakuinuka. Mama Miche akatoa nakala ya ripoti kwenye mkoba, akaifungua ukurasa wa nne.

"Soma hapa, kaka. Niliandika ubaki. Waliiruka."

Alivaa miwani, akasoma polepole, mdomo ukitembea. Alipomaliza akaikunja vizuri akamrudishia.

"Umeandika vizuri sana," alisema. "Hata mimi nikisoma najiona mtu wa maana. Sasa niambie. Alipokuwa anairuka aya hii, wewe ulikuwa umekaa wapi?"

"Mstari wa mbele."

"Ulisemaje?"

Mama Miche alitazama pasi iliyokuwa wazi mbele yake, nyaya zake nje.

"Ile siku nilikuomba udanganye, ukakataa, na nilikwenda nyumbani nikamwambia mke wangu kuwa una haki," aliendelea fundi. "Ripoti haikuniuma. Kuandika ukweli umeweza. Kuusema, mbele ya watu, sentensi moja tu..." Hakumaliza. Akachukua bisibisi, akarudi kwenye pasi yake.

Meneja naye hakukubali kushindwa. Aliagiza mzigo wa pili wa taa zilezile za bei rahisi, zifungwe mbilimbili na zishushwe chini. Mama Miche alikaa akapiga hesabu peke yake: bei ya mbili ilikuwa imelingana na ile nzuri moja, na juu ya hapo umeme ulikuwa umepanda. Hakumpelekea mtu karatasi hiyo. Wa kuzifunga wakatafutwa vibarua wanaojua nyaya, kwa malipo ya siku.

Jumatatu kaka yake alikuwa kwenye foleni yao getini.

Alifanya kazi siku sita. Alizipanga taa zile kwa futi kamba kama alivyozoea, na ngazi aliomba ashikiwe na kibarua mwenzake, si na dada yake. Mama Miche akiingia chumba hiki, yeye alikuwa anamalizia na kuhamia kile. Jumamosi mchana vibarua walipita mezani kwa Mama Miche kusainiwa karatasi za siku. Zamu ya fundi ilipofika, aliiweka yake mezani, akaionyesha kwa kidole pale pa kusaini.

"Naomba sahihi, bosi."

Mama Miche alishika kalamu, akamtazama usoni, akitafuta pa kuanzia. Nyuma ya kaka yake walisimama wengine wanne wakisubiri. Akasaini.

"Asante," alisema fundi, akachukua karatasi yake akaenda dirisha la malipo.