Mkono Usio na Mapigo

Kwa miezi kadhaa, kila alipoinua mikono kichwani kwa mteja, msusi hakumaliza mistari mitatu ya nywele kabla mkono wa kushoto haujafa ganzi. Aliushusha, akaukung'uta, akaanza upya. Dada yake mkubwa, mwenye saluni, alimtazama kwa jicho la pembeni.

"Mdogo wangu, kazi haitaki deko. Kichwa kimoja kutwa nzima! Unasuka au unakilea?"

Wateja waliangua kicheko. Msusi naye akacheka, ingawa moyoni ilimchoma. Kijana asiye na kidonda wala homa, nani atamwamini akisema anaumwa? Taratibu akaanza kujiona mvivu kweli.

Siku aliyoshikwa na kizunguzungu hadi akaanguka, dada alimpeleka hospitali. Muuguzi alimshika kifundo cha mkono, akahamisha vidole, akahamisha tena, kisha akamwita daktari.

"Mkono huu mapigo hayasikiki," daktari alisema.

"Hayasikiki vipi, na mtu yuko hai anatutazama?" dada akamaka.

Picha za mishipa zilipotoka, daktari aliwaeleza. Kinga ya mwili, iliyowekwa ipigane na vijidudu, ilikuwa imegeukia kuta za mishipa mikubwa ya damu. Kuta zimevimba, njia imebana. Mkono ukiinuliwa na kufanya kazi unataka damu nyingi, nayo inafika kwa tabu. Ni ugonjwa adimu, hauambukizi. Dawa zipo, ila asiziache ghafla bila kuambiwa.

"Kwa hiyo sikuwa mvivu," msusi alisema, akatabasamu. Daktari alishangaa.

Dada hakutabasamu. Walipofika kwenye ukumbi wa nje alimshika bega. "Nisamehe. Nimekusimanga bure."

"Hata mimi nilijisimanga, dada. Tulikuwa wawili."

Dawa zilimpokonya usingizi, zikamvimbisha uso. Mteja mmoja alimpongeza eti amenawiri. Akajibu ahsante, yaishe. Nguvu zilirudi kidogo kidogo, si zote. Dada alimwita seremala akate miguu ya kiti cha wateja, ili mdogo wake asuke ameketi, viwiko magotini.

"Kiti gani hiki? Kuinuka ndiyo shughuli!" alilalamika mama mmoja mnene.

"Wewe mishipa yako mizima," dada alimjibu, akimpa mkono. "Inuka."

Msusi aliweka kitana chini, akapumzika. Hakuomba radhi kwa mtu.