Mabuti ya Kwendea Lalamiko la 214

Kila asubuhi saa mbili na nusu Fundi Bomba huipangusa kibodi kwa kitambaa kile kile alichokuwa akifutia grisi, huvuta kiti, kisha hufungua jedwali la malalamiko. Kwa miaka ishirini na miwili alichimba mitaro na kulaza mabomba ya maji taka. Siku moja akamwambia Mkuu wa Idara, mbele ya watu, kwamba uwanja mpya wa kuegesha magari ya ofisi umemwagiwa zege juu ya chemba kuu, na kwamba maji taka hayasomi barua; ukiyazibia huku yatatokea kule. Wiki iliyofuata akahamishiwa ofisini, eti apumzishe mgongo. Mgongo wake haukuwa na neno.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Wananchi waliandika malalamiko yao kwenye ukurasa mmoja wa tovuti ya idara, ukurasa mrefu usiokwisha. Yeye alilipatia kila lalamiko mstari wake kwenye jedwali, na mwisho wa mstari akaweka kiungo, ili mkubwa akibofya apelekwe kulisoma. Tatizo ni kwamba viungo vyote vilikwenda mahali pamoja, juu kabisa ya ukurasa, penye picha ya Mkuu amevaa kofia ya ujenzi isiyo na hata mkwaruzo. Mkubwa alibofya, akaiona picha, akaridhika, akaandika "Limeonekana". Lalamiko likafungwa. Hakuna aliyewahi kujisumbua kushuka chini.

Lalamiko la 214 lilikuwa la dada mkubwa wa Fundi. Aliliandika kwa maneno machache: maji taka yanaingia jikoni kwangu tangu mmwage zege, nina kidonda mguuni, njooni. Daktari alishamwambia mguu ule ukae mkavu, la sivyo utakatwa. Watu walimshauri ahame, naye akawajibu kuwa nyumba ni yake na maji ni ya idara, basi ahame mwenye maji. Lalamiko lake lilikuwa limeonekana mara kumi na moja.

Aliyemfumbua macho Fundi ni mpwa wake, binti wa dada huyo, anayefanya kazi kwenye duka la kuchapisha. Aliliangalia jedwali mara moja tu.

"Mjomba, wewe watu unawaacha mlangoni," akasema. "Mwisho wa anwani weka alama ya reli, hii hapa #, halafu namba ya lalamiko. Mtu akibofya atashukia pale pale."

Fundi aliacha shule darasa la tano, lakini hilo alilielewa upesi kuliko wenye vyeti. Bomba lisipofika kwenye shimo lake si bomba, ni mapambo. Alikuwa na mistari mia tatu na kumi na miwili. Aliirekebisha mmoja mmoja kwa wiki mbili, na alipomaliza akajaribu wa dada yake.

Akabofya. Ukurasa ukafunguka pale pale penye 214, naye akawa amesimama jikoni kwa dada yake, maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu.

Dada alikuwa amekaa kwenye stuli, mguu mbaya ameutegemeza kwenye ndoo iliyopinduliwa, anakata vitunguu.

"Siku hizi hubishi hodi," akasema.

"Nimebofya, dada."

"Haya. Hiyo sufuria hapo, iweke juu kabla haijaelea."

Fundi akaiweka sufuria juu, akakunja suruali, akayateka maji kwa ndoo mpaka sakafu ikaonekana. Kisha akampigia simu Mama Deki, mfagizi wa ofisini, akamwomba abonyeze mshale wa kurudi nyuma kwenye kompyuta aliyoiacha mezani. Mama Deki akabonyeza, Fundi akajikuta kitini pake akichuruzika. Mama Deki akaitazama sakafu, akamwambia kwamba mtu akiwa na safari ya namna hiyo huaga mapema, asipigishe watu deki mara mbili. Tangu siku hiyo Fundi akawa anakwenda kila saa ya chakula, anateka maji, anarudishwa saa nane kasoro dakika tano.

Jumatano, kwenye kikao, Mkuu alilifungua jedwali kwenye skrini kubwa. Akasema tuanze na hili lililoonekana mara nyingi, akabofya 214, akaondoka na suti yake.

Yaliyotokea huko dada aliyasimulia baadaye. Alimtazama mgeni, akamuuliza kama ndiye yule wa kwenye picha. Mgeni akakubali. Dada akampa stuli ya pili, akaufungua mguu, akamwonyesha. Mkuu akauliza kidonda kina muda gani, akajibiwa kina umri sawasawa na uwanja wake wa magari. Mkuu akayatazama maji, akatikisa kichwa kama mtu aliyekuja msibani asiyemjua marehemu. Kisha katibu wake akabonyeza mshale.

Aliporudi alivua soksi, akazikamulia kwenye glasi ya maji ya kunywa, akatoa maagizo mawili. La kwanza, ripoti ya mwaka iandikwe kuwa idara sasa inawafikia wananchi pale pale walipo. La pili, yanunuliwe mabuti ya mpira.

Fundi akasimama. Akaeleza, kwa sauti ya kawaida, kwamba chemba iko chini ya gari la Mkuu, hatua nne kutoka getini, na kwamba anaweza kuonyesha mahali penyewe akiwa amefumba macho.

"Siku moja tu ya kuvunja zege, Mkuu. Moja."

"Na magari tutaegesha wapi, Fundi?"

Hakuna aliyecheka, kwa kuwa halikuwa mzaha. Kikao kikaendelea na ajenda ya viti.

Mabuti yalikuja jozi ishirini na nne, ya manjano, yakapangwa mlangoni kwa ukubwa. Neno "Limeonekana" likafutwa kwenye jedwali, likawekwa "Limetembelewa". Wajumbe wa bodi walikuja, wakaja na wa idara nyingine kujifunza. Baada ya chai walivaa mabuti, wakabofya, wakakaa jikoni kwa dada dakika tano tano, wakatikisa vichwa, wakarudi. Wengine walipiga picha na mguu.

"Mgeni siku ya tatu hupewa jembe," dada akamwambia Fundi. "Mimi hawa ni siku ya arobaini bado nawapa stuli. Nawe ndiwe uliyenifungulia mlango."

Fundi akautazama mguu. Kidonda kilikuwa kimepanda hadi katikati ya muundi, na daktari alishataja tarehe. Alipobonyezewa mshale hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwa mtunza stoo, akaomba jozi moja ya mabuti, namba ya mguu wa mwanamke.

Mtunza stoo alilipitia daftari lake kwa kidole, bila ubaya wowote.

"Haya ni ya wanaotembelea, kaka. Si ya wanaotembelewa."

Fundi akarudi mezani, akaongeza lalamiko kwenye ukurasa na mstari kwenye jedwali: namba 313, mwenye jiko la 214 hana mabuti. Akaweka alama ya reli na namba, akahakikisha kiungo kinashukia pale pale. Mkuu akakibofya alasiri hiyo hiyo. Alivaa mabuti, akafika, akaona kwa macho yake kuwa kweli hana, akarudi kabla chai haijapoa. Limetembelewa. Likafungwa.

Mama Deki akayachukua mabuti ya Mkuu akayaoshea nje, kwenye beseni, akayaanika juani. Maji machafu akayamwaga kwenye mfereji wa uwanja wa magari. Yakateremka, yakakuta zege, yakageuza njia. Fundi aliyatazama kupitia dirishani. Bomba la kutoka pale hadi kwa dada alililaza kwa mikono yake, na alijua mwendo wake: dakika tisa.

Akachukua ndoo, akabofya 214, akayatangulia.